Khalayi Asiye na Miguu

Umoja, Nairobi
12 Januari 2025

Kwako Nafula, mjukuu wangu,

Mulembe. Mimi nipo. Magoti yanalalamika lakini yananipeleka kanisani na kunirudisha. Mjomba wako Wasike bado ni keateka anayeangalia ile ghorofa ya Kware, na wapangaji wanamfokea kuhusu maji kana kwamba ni yeye anayenyesha mvua. Mkewe Ayuma ana mimba nyingine. Wakiuru, huyu jirani yangu anayechoma mahindi, amenunua redio kubwa na anaifungulia mtaa mzima usikie. Nimemwambia mimi bado si kiziwi, asinisaidie.

Kuhusu haya ninayotaka kukuambia, usinipigie simu. Simu ni ya kusema umefika salama. Neno la maana liandike, nilikalie, nilisome tena nikitaka. Darasa la tatu ndilo nililofika, lakini barua zangu naandika mwenyewe. Wakiuru alijitolea kuniandikia nikamuuliza kwani mkono wangu umekatika.

Nina mambo mawili. La kwanza, Jumapili Jacky wa kwaya aliniuliza mbele ya watu, "Mama Annah, huyo Nafula wa Ujerumani anafanya kazi gani hasa?" Nikasema anafundisha. Akasema, "Anafundisha nani?" Nikakosa jibu. Wewe unajua mimi si mtu wa kukosa jibu mbele ya Jacky. Niandikie kazi yako kwa maneno ya watu.

La pili unalijua. Mama yako Khalayi, binti yangu, ametuacha miaka mingi na jina lake halijapata mtu. Ayuma aliliomba kwa msichana wake wa kwanza nikamnyima. Nilimwambia wazi, hili nimemwekea mtoto wa Nafula. Wewe na Job mmeoana, mna nyumba, mna jiko la kuwashwa kwa kidole. Mnangoja nini? Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu nataka kulisikia likiitwa tena nikiwa na masikio.

Msalimie bwana wetu Job. Mwambie mke wake mkubwa yuko Umoja na amechoka kungoja barua.

Ni mimi Kukhu wako,
Annah


Bremen, Ujerumani
9 Februari 2025

Kukhu wangu,

Mulembe muno. Barua yako imefika, nimeisoma nimesimama mlangoni na koti sijavua. Hapa baridi ni ile ya kuuma masikio. Job anaendelea na kazi ya hospitali, zamu zake ni za ajabu, wiki nyingine tunasalimiana kwa vikaratasi kwenye friji. Nimefurahi kusikia Ayuma ana mimba. Mwambie pole na hongera. Soksi za sufu nimetuma na yule dada wa Wakiuru aliyepita huku. Zivae, usizifungie kabatini kungoja wageni.

Sasa kazi yangu. Juu kabisa angani kuna chombo kinachozunguka dunia, na ndani yake wanaishi watu, wanaanga, wanafanya utafiti. Kule kitu hakina uzito. Ukiachilia kijiko hakianguki, kinaelea. Watu wenyewe wanaelea. Sisi tunatengeneza roboti ya kuwasaidia. Usifikirie mtu wa chuma. Ni duara, kama boga la ukubwa wa wastani, haina miguu wala mikono, ina feni ndogondogo za kuisukuma na uso wa kioo wenye macho mawili ya taa. Mwanaanga akiwa ameshika kazi kwa mikono yote, roboti inamsogelea, inammulikia, inampigia picha, inamsomea hatua inayofuata. Na akipoteza kitu, roboti inakwenda kukitafuta. Kule bisibisi ukiisahau kidogo tu, hewa inaichukua, unakuja kuikuta imejificha nyuma ya mifuko upande wa pili.

Mimi ndiye ninayeifundisha kusikia. Ijue inaitwa, ijue anayeiita ni nani na yuko wapi. Kwa hiyo mwambie Jacky hukusema uongo.

Na nina habari ya kukufurahisha. Roboti yetu ilikuwa na namba tu. Ikabidi ipewe jina ambalo italisikia katikati ya makelele, maana ndani ya chombo feni za hewa hazizimwi kamwe. Tukawasha makelele kama yale kwenye ukumbi, kila mtu akaanza kuita. Waliita majina ya mabinti zao, ya nyota, ya mbwa. Ikatulia tu pale katikati, haimjali mtu. Ilipofika zamu yangu nikaita Khalayi. Ikageuka, ikaja mpaka mbele yangu. Tulijaribu tena na tena, wengine nao wakaita, ikawa inageuka. Kwa hiyo hilo ndilo jina lake. Litaandikwa kwa rangi juu ya paji lake, na mwisho wa mwaka Khalayi atapanda juu. Jina la mama litakuwa angani, Kukhu! Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Kuhusu lile jambo la pili, Job anakusalimu sana.

Mjukuu wako,
Nafula


Umoja
23 Machi 2025

Nafula,

Mulembe. Barua yako ililala kwenye sanduku la kanisa kwa sababu mwenye ufunguo alikwenda mazishi Webuye. Ningejua kilichoandikwa ndani ningemwambia akae hukohuko.

Sisi hatujambo. Soksi zimefika na nimezivaa. Wakiuru nilimsomea habari za kazi yako, akacheka mpaka akaunguza mahindi. "Watu wazima wanapoteza bisibisi mpaka watafutiwe na boga!" Nikamwambia wewe cheka, mjukuu wangu ndiye anayelifundisha hilo boga. Jacky naye nilimweleza kwa sauti baada ya ibada, akaondoka bila kuchukua mwavuli wake. Kwa kazi yako mimi najivuna, usije ukasema hukuambiwa.

Lakini nani alikupa ruhusa ya jina?

Wewe umezaliwa Nairobi lakini umelelewa nyumbani mwangu, si mwa mtu mwingine. Unajua jina linatolewaje kwetu. Mtoto analia, analia, amenyonya na bado analia. Wakubwa wanakaa. Wanaita majina ya waliotangulia, moja moja, polepole. Lile ambalo mtoto akilisikia ananyamaza, ndilo lake. Huyo aliyetangulia amemkubali. Na likishapata mtu limepata mtu, hatuwapi wawili wa nyumba moja. Mama yako alinyamazia la mama yangu mdogo, mimi nikiwa nimembeba. Wewe ulitusumbua mpaka jua likazama.

Sasa niambie. Hicho kitu kililia? Nani alikaa nacho? Mzungu wa kuita mbwa wake ndiye alikuwa mzee wa nyumba yetu siku hiyo? Unachukua jina la binti yangu unalipaka rangi kwenye boga la chuma, halafu unaniambia nifurahi. Na kikiharibika? Siku wakikitupa, watasema Khalayi ametupwa. Nilimzika mara moja. Siwezi mara mbili.

Liondoe. Wape jina lingine, majina yamejaa duniani. Na lile jambo la pili hukulijibu. Mimi si mtu wa kujibiwa kwa salamu za Job.

Kukhu Annah


Bremen
20 Aprili 2025

Kukhu,

Mulembe. Tuko wazima. Huku miti imeanza kuchanua. Natumaini magoti yana nafuu.

Nimesoma yote uliyosema na sikubishii hata moja. Mila naijua. Lakini jina sitaliondoa. Kabla halijawa jina la nyumba lilikuwa la mama yangu, na mimi ndiye mtoto aliyebaki wa kuliita.

Nisamehe kwa kuandika hivi. Lile la pili usiniulize tena, tafadhali.

Nafula


Umoja
18 Mei 2025

Nafula,

Nimepokea. Hatujambo.

Mimi nimelea watoto wangu na wewe juu yao, na hakuna aliyewahi kuniandikia "sitaliondoa." Nimeirudia mara nyingi nione kama nimesoma vibaya. Wakiuru aliniuliza mbona sijafungua kibanda changu cha samaki wa omena siku mbili, nikamwambia naumwa jino.

Ayuma atajifungua mwezi wa nane. Nimekaa na Wasike, nimemwambia jina la Khalayi sasa liko wazi, litaitwa kwa mtoto huyo. Mtoto mwenye pua na miguu. Akilinyamazia ni lake, na chako utakitafutia lingine, kwa sababu hatuwapi wawili. Huwezi kulikalia jina huku umekataa kulizalia mtu.

Mpaka uniandikie kwamba limefutwa, usiniandikie.

Annah


Bremen
6 Julai 2025

Kukhu wangu,

Mulembe. Najua ulinikataza, lakini barua hii ni ya kukutii, isome mpaka mwisho.

Job hajambo. Yeye ndiye aliyeniambia nikuandikie. Amesema kama sitaandika ataandika yeye, na unajua mwandiko wake.

Umesema nimekataa kulizalia mtu. Sikukataa. Mwaka jana nilikuwa na mimba. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kukushangaza, nije Krismasi nimembeba, nikuwekee mapajani nione utasema nini. Mimba ilikuwa imekua sana, alikuwa ananipiga teke nikiwa kazini. Ikatokea damu. Walikimbia na mimi, walifanya walichoweza. Alikuwa msichana. Alitoka kimya. Nilingoja alie, Kukhu. Nilikuwa nimelala pale nangoja sauti ili nimwite, kwa sababu nilijua hakuna mwenzangu mle ndani anayejua la kufanya. Hakulia. Kwa hiyo hatukumwita chochote. Na kunizuia nisife walitoa kizazi. Hakutakuwa na mwingine.

Tulimzika hapa, mimi na Job na mchungaji tusiyemfahamu. Baada ya hapo sikujua nianzie wapi kukuambia. Kila ukiuliza mnangoja nini, naikunja barua.

Nikarudi kazini. Siku ile ya majina sikuwa nimepanga kitu. Walikuwa wanaita na kucheka, ikafika zamu yangu, nikafungua mdomo nikiwa na jina lililoandikwa kwenye kikombe changu cha chai. Likatoka Khalayi. Lilikuwa limekaa tayari muda wote huo. Na kile kitu kikageuka. Naijua roboti ile waya kwa waya. Najua kwa nini iligeuka, naweza kukuchorea. Sauti za jina lile zinapenya makelele ya feni, basi. Lakini niliita, na kitu kikaja.

Nimeona nimekosea kukunyang'anya kilicho chako. Nimemwandikia mkubwa wangu, nimemwomba jina lifutwe. Ameshangaa lakini amekubali. Amenipa mpaka mwisho wa Agosti nithibitishe, kisha wataibandika namba yake na kuifunga tayari kwa safari. Nitathibitisha. Jina mpe mtoto wa Ayuma. Nitafurahi, kweli.

Usimkasirikie Job. Alitaka kukuambia tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemkataza.

Nafula wako


Umoja
21 Agosti 2025

Nafula, mama yangu,

Mulembe. Barua hii Wasike ataipiga picha aitume kwa simu yake, kwa sababu posta itafika wakati wakubwa wako wameshamaliza haraka yao. Simu kwa leo tu.

Sisi tuko. Wakiuru anakusalimu, amelia sana. Nilimwambia, ndiyo, na ukisema nimetangaza mambo yako nitasema ndiyo nimetangaza, kwa sababu barua yako ilinikuta kibandani, na yeye ndiye aliyefunga kibanda na kunishika mkono mpaka nyumbani. Redio hajaifungulia wiki nzima. Sikumwomba.

Nimekukasirikia. Wacha nimalize hilo kwanza. Ulibeba, ukapoteza, ukakatwa, ukazika, na mimi niko hapa nakuuliza mnangoja nini! Uliniacha nikupige palepale penye kidonda, barua baada ya barua, na ukanyamaza kama mtu anayelipa faini. Nani alikufundisha kunyamaza hivyo? Si mimi. Kwetu mtu akifiwa tunakuja, tunajaa nyumba, tunamchosha mpaka anatamani tuondoke. Wewe ulikaa na mchungaji msiyemjua. Ningekuja. Usiniambie habari za pasipoti na viza, ningekuja.

Mtoto yule hajaliliwa. Desemba mtakuja, wewe na Job, na tutamlilia hapa kama watu. Nimeshamwambia Wasike akope viti vya kanisa. Umemzika kimya kwa sababu hukuwa na watu. Watu unao. Na Job mwambie simkasirikii, lakini akija aje na maneno, si salamu.

Sasa jina.

Ayuma amejifungua wiki iliyopita, msichana, mzito, ana nywele kama za Wasike alipokuwa mdogo. Mzima kabisa. Jumamosi nikapanda pikipiki mpaka Kware, na magoti haya, nikapanda ngazi mpaka kwao juu. Mtoto alikuwa analia toka asubuhi. Amenyonya, analia. Amebadilishwa, analia. Ayuma akasema, "Mama, anza na lile, nishalingoja sana." Nikamchukua mtoto, nikakaa kitandani, Wasike akafunga mlango ili wapangaji wasije kumuulizia maji.

Nikaita la mama yako kwanza. Nilikuwa nimesema nitaliita, na mimi nikisema nimesema.

Ayuma atakuambia mtoto alinyamaza. Pengine ameshakuambia, ana vidole vyepesi kwenye simu huyo. Wasike naye atasema hivyohivyo, kwa sababu anamwogopa mkewe. Usiwasikilize. Mimi ndiye niliyekuwa nimembeba. Mtoto alikuwa anapumua. Mtoto akilia muda mrefu ni lazima avute pumzi, hata wewe ulikuwa unavuta pumzi. Ayuma akasema, "Mama, si huyo ametulia? Si anakuangalia?" Nikamwambia, "Kaa chini. Anajitayarisha kulia." Tukakaa wote tunamtazama. Akatutazama. Nikambana mguu kidogo, kumweka sawa tu, akalia.

Nikaendelea. La shangazi yake Wasike, akalia. La mama mkwe wangu, Nanjala, akanyamaza vizuri, mpaka akalala. Basi ni Nanjala. Ayuma amenuna, lakini Nanjala alikuwa mwanamke mkali mwenye mashamba, atamzoea.

Kwa hiyo jina la Khalayi hapa halijapata mtu. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii na nimeliita mwenyewe, na nasema hakuna aliyelichukua. Waandikie wakubwa wako leo, usingoje kesho, kabla hawajakifunga. Waambie rangi iwe nene, isibanduke njiani.

Kukhu wako,
Annah